Mbano wa plazma: jinsi mashine ya Z inavyozaa eksirei kali, na kwa nini kuzipima ni shughuli nzito kuliko kuzizaa

Mwaka 1905 wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha Sydney, Pollock na Barraclough, walichunguza kipande cha bomba la shaba kilichotoka kwenye kinga ya radi ya kiwanda cha kusafishia mafuta ya taa huko Hartley Vale, New South Wales. Radi ilikuwa imepiga hapo. Bomba halikupasuka, lilibonyea kwa ndani, kama lililofinywa kutoka pande zote kwa mpigo mmoja, na hakuna kitu kilichokuwa kimeligusa. Walipofanya hesabu wakahitimisha kwamba lililofinya bomba ni umeme wenyewe. Mkondo uliopita kwenye shaba ulijizungushia uga wa sumaku, na uga huo ukaikandamiza shaba kuelekea katikati.

Hilo ndilo mbano, na kila kitu kinachofuata hapa kinatokana nalo. Mikondo miwili inayokwenda upande mmoja huvutana. Simamisha waya mia mbili kwa duara, zipitishie umeme kutoka juu kwenda chini, na kila waya itavutwa na wenzake wote. Jumla ya mivuto hiyo inaelekea kwenye mhimili wa katikati, mhimili ambao wanahesabu huuita z. Kwa hiyo jina la kitaalamu ni mbano wa Z. Kani yake hukua kwa mraba wa mkondo, na huzidi kukua kadiri duara linavyosinyaa. Ampea milioni 20 zikipita kwenye nguzo yenye nusu kipenyo cha sentimita moja, uga wa sumaku juu yake ni tesla 400. Nguzo ikisinyaa hadi nusu kipenyo cha milimita moja, uga unafika tesla 4,000, na shinikizo lake linazidi lile la hewa tunayovuta kwa zaidi ya mara milioni 60. Sumaku ya MRI hospitalini huwa ya tesla 1.5 au 3.

Willard Bennett aliandika mwaka 1934 mlinganyo unaosema mkondo wa kiasi gani unatosha kushikilia plazma (gesi ya joto kali ambayo elektroni zimeachana na atomi, na atomi zilizobaki huitwa ioni) ya joto fulani isitawanyike. Ni mlinganyo wa hali tulivu. Plazma ya mbano haijui utulivu, na ndiyo maana uwanja huu umewatesa watu kwa miaka mingi.

Kufinya muda

Mfano nitakaoushikilia ni mashine ya Z, iliyoko Sandia National Laboratories mjini Albuquerque, jimbo la New Mexico, Marekani. Ilianza kazi mwaka 1985 kwa jina la PBFA-II, ikikusudiwa kurusha miale ya ioni. Mwaka 1996 ikageuzwa kuwa mashine ya mbano, na ukarabati mkubwa uliokamilika mwaka 2007 ukapandisha mkondo wake kutoka karibu ampea milioni 20 hadi karibu milioni 26. Mitambo yake imepangwa kwa duara lenye kipenyo cha mita 33 hivi, na yote inalenga kitu chenye urefu wa sentimita moja au mbili kilichowekwa katikati.

Watu wakisikia kwamba mashine hii hutoa mamia ya terawati (terawati moja ni wati trilioni moja) hudhani inameza umeme wa mkoa mzima. Kapasita zake 2,160, yaani vifaa vya kuhifadhi chaji ya umeme, zikijazwa hadi volti 85,000 hubeba kama megajuli 20. Ukizigeuza kuwa uniti za umeme, zile tunazonunua kwa tokeni, ni uniti tano na nusu: nyumba yenye friji, televisheni na pasi huzimaliza kwa siku moja au mbili bila mtu kushtuka. Tofauti iko kwenye muda. Wati ni juli kwa sekunde, kwa hiyo ukibaki na juli zile zile na kupunguza sekunde, wati zinapanda. Uhandisi wote wa mashine hii ni uhandisi wa kupunguza sekunde.

Hatua ya kwanza ni mikusanyiko 36 ya kapasita, kila mmoja ukiwa na kapasita 60 zilizozamishwa kwenye mafuta ili cheche zisiruke ovyo. Kapasita huchajiwa sambamba, pole pole, kisha swichi za gesi hufyatuka na kuziunganisha kwa mfululizo. Volti 85,000 zinajumlishwa mara 60 na kuvuka milioni 5. Mbinu hii ilibuniwa na Mjerumani Erwin Marx mwaka 1924, na mtambo wa namna hii mpaka leo huitwa Marx. Kasoro yake ni uzito wa mwendo. Unachukua zaidi ya mikrosekunde moja, sehemu ya milioni ya sekunde, kumwaga ulichobeba, na mikrosekunde moja ni muda mrefu mno kwa kazi hii. Waya zingeanza kuyumba na kukatika kabla mkondo haujafika kileleni.

Ndipo maji yanapoingia. Marx unamwaga umeme wake kwenye kapasita kubwa ambazo kihami chake ni maji yaliyosafishwa hadi hayana chumvi. Ni jambo la kushangaza kidogo kwa sisi tuliofundishwa tangu utotoni kwamba maji na umeme havichangamani. Lakini maji safi kabisa, kwa muda mfupi sana, huhimili volti nyingi, na uwezo wao wa kuhifadhi nishati ya umeme kwa ujazo ni kama mara 80 ya ombwe. Umeme unakaa humo kwa sehemu ya mikrosekunde tu. Kisha swichi zenye gesi ya salfa heksafloraidi hufyatuliwa kwa leza, zote 36 zikitakiwa kupatana ndani ya nanosekunde chache (nanosekunde ni sehemu ya bilioni ya sekunde), na mpigo unapita kwenye njia nyingine za maji zinazoufupisha tena, hadi unabaki na urefu wa nanosekunde 100 hivi. Ile picha maarufu ya Z, yenye utando wa cheche za buluu zilizotanda juu ya maji, husambazwa mitandaoni na maelezo kwamba hizo ndizo eksirei. Zile ni mabaki ya umeme yanayotambaa kwenye uso wa maji. Eksirei hazionekani kwa macho, na zinazaliwa ndani ya chemba ya chuma ambayo kamera hiyo haiioni.

Mita chache za mwisho ziko ndani ya ombwe. Volti ni nyingi kiasi kwamba elektroni huchomoka kutoka kwenye chuma na kutaka kuruka kwenda upande wa pili, jambo ambalo lingeua mpigo wote. Kinachozuia ni uga wa sumaku wa mkondo wenyewe: elektroni ikiruka, uga unaikunja na kuirudisha. Mkondo unajilinda. Hata hivyo ulinzi huo si kamili pale njia zote zinapokutana katikati, na elektroni chache zinazotoroka zitarudi kutusumbua tukifika kwenye vipimo.

Waya zisizotaka kuondoka

Shabaha ya kawaida ya miaka ya 1990 ilikuwa tundu la waya za tangsteni: waya 240, kila moja ikiwa na unene wa mikroni 7.5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), zilizosimamishwa kwa mkono, moja moja, kuzunguka duara la sentimita chache. Uzito wa waya zote kwa urefu wa sentimita mbili ni miligramu nne hivi. Mafundi wanaozipanga hufanya kazi hiyo chini ya lenzi, maana pumzi tu inatosha kuipeperusha waya.

Kwa nini nyingi hivyo? Hadi katikati ya miaka ya 1990 wengi waliridhika na waya chache, kwa kuwa hesabu ilisema kilicho muhimu ni uzito wa jumla na nusu kipenyo. Tom Sanford na wenzake walijaribu kwenye mashine ya Saturn, ndugu mdogo wa Z hapo hapo Sandia, kuongeza waya za alumini kutoka 10 hadi karibu 200 bila kubadilisha uzito wa jumla. Mpigo wa eksirei ukawa mfupi sana na kilele chake kikapanda. Nafasi kati ya waya na waya ilipopungua chini ya milimita moja na kitu, plazma iliacha kujikusanya kama nguzo nyingi zinazogongana vibaya na ikaanza kuja kama ganda moja. Badiliko hilo dogo, ambalo halikuhitaji kapasita hata moja zaidi, ndilo lililofufua uwanja mzima. Mwaka 2005 Sanford alipewa Tuzo ya Hannes Alfvén pamoja na Malcolm Haines wa Imperial College London na Valentin Smirnov wa Urusi, ambaye kundi lake lilikuwa likifanya mibano kwenye mashine ya Angara-5-1 huko Troitsk.

Picha ya ganda moja, hata hivyo, ilikuwa nadhifu kupita kiasi. Kundi la Sergey Lebedev huko Imperial, likitumia mashine ndogo ya MAGPIE yenye ampea milioni 1.4, lilipiga picha za waya zikiwa kazini na kuona kwamba waya hazigeuki plazma zote kwa pamoja. Ngozi ya nje inachemka na kuwa plazma. Kiini cha baridi kinabaki mahali pake. Plazma ya ngozi inavutwa katikati na kutiririka mapema, ikitangulia. Kwa karibu asilimia 80 ya muda wote, waya zinaonekana kutosogea kabisa huku zikiliwa kidogo kidogo. Kisha zinatoboka hapa na pale, na ndipo uga wa sumaku unapoyafagia mabaki kwenda katikati kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa sekunde. Na hata hapo kuna vumbi linalobaki nyuma na kuunyang'anya mbano sehemu ya mkondo. Mimi naiona kazi hii ya MAGPIE kuwa muhimu kuliko rekodi yoyote ya terawati, kwa sababu ilionyesha kwamba watu walikuwa wamekokotoa kwa usahihi mkubwa kitu ambacho hakikuwa kikitokea.

Plazma inapogongana na nafsi yake kwenye mhimili, mwendo unageuka joto, na kitu chenye joto la digrii milioni moja au mbili hung'aa kwa eksirei. Kwenye majaribio ya mwaka 1997 na 1998 Z ilitoa kama terawati 200 na karibu megajuli 2, baadaye ikavuka 280 kwa kutumia matundu mawili ya waya, moja ndani ya jingine. Mitambo yote ya umeme duniani, kwa wastani, hutoa terawati tatu na kidogo. Na umeme ulioingia kwenye Z yenyewe wakati ule ulikuwa kama terawati 50. Hakuna muujiza hapo: nishati iliingia kwa nanosekunde 100 ikahifadhiwa kama mwendo, kisha ikatoka kwa nanosekunde tano. Mbano wenyewe ni hatua ya mwisho ya kufinya muda.

Rangi ya eksirei, yaani nishati ya fotoni (chembe za mwanga) zake, ambayo hupimwa kwa elektronivolti, inategemea kilichobanwa. Tangsteni ina elektroni nyingi na hutoa mchanganyiko mpana, mwingi wake ukiwa eksirei laini za elektronivolti mia chache. Ukitaka fotoni kali zaidi unatumia elementi ambayo elektroni zake za ndani kabisa zinaweza kufikiwa: alumini hutoa mistari, yaani rangi zake maalumu, ya karibu elektronivolti 1,600, gesi ya argoni karibu 3,100, chuma karibu 6,700. Kila ukipanda ngazi, ioni inabidi ije kwa kasi kubwa zaidi ili joto litoshe, na kasi inapatikana kwa kupunguza uzito, na uzito ukipungua ioni za kung'aa zinakuwa chache. Mavuno yanashuka haraka.

Kupima kinachovunja vipimo

Tukio lina nanosekunde tano. Katika muda huo mwanga husafiri mita moja na nusu. Chanzo kina upana wa milimita moja au mbili, na eksirei zake nyingi ni laini kiasi kwamba milimita chache za hewa zinatosha kuzizima, hivyo njia yote kutoka chanzo hadi kipimo ni bomba la ombwe. Bomba hilo hilo linaloleta eksirei linaleta pia mvuke wa chuma, vipande vya shabaha na wimbi la mshtuko. Vifaa vya katikati huteketea kila mara; mafundi huingia wakiwa na mavazi ya kinga, wanaondoa mabaki, wanaweka vipya. Ndiyo maana mashine hufyatuliwa kama mara moja kwa siku, na ndiyo maana kila mpigo una thamani.

Kipimo cha kawaida ni diodi ya eksirei. Kipande cha karboni kinapigwa na fotoni, fotoni zinang'oa elektroni, elektroni zinavutwa na wavu wenye volti, na mkondo unaotokea unasomwa kwenye oskiloskopu. Ni chepesi na kina kasi ya kutosha. Tatizo ni kwamba karboni haipendi fotoni zote sawa: nyingine inazijibu kwa nguvu, nyingine kwa unyonge. Kwa hiyo huwekwa diodi kadhaa, kila moja ikiwa nyuma ya kichujio tofauti, karatasi nyembamba ya plastiki au metali inayopitisha sehemu fulani tu ya spektramu, yaani mgawanyo wa eksirei kwa rangi zake. Kisha unatafuta spektramu moja ambayo ingetoa majibu yote hayo kwa pamoja. Ukiwa na diodi tano una namba tano, na maumbo ya spektramu yanayoweza kuzaa namba tano ni mengi. Mtu anachagua lile lenye mantiki. Juu ya hayo, uso wa karboni hubadilika unavyochafuliwa na mvuke wa majaribio yaliyopita, na kipimo kilichosahihishwa mwezi uliopita kinaweza kusema uongo leo.

Kuna kifaa cha pili ambacho mimi nakipenda kwa ushamba wake: bolomita. Ni utepe wa nikeli wenye unene wa mikroni moja hivi, unaopitishiwa mkondo wa kudumu. Eksirei zikiupiga unapata joto, joto likipanda ukinzani wake unapanda, na volti zinapanda nao. Utepe haujali rangi ya fotoni. Hunyonya karibu zote zilizo laini. Uzito wa nikeli unajulikana, joto linalohitajika kuipasha linajulikana, kwa hiyo juli zinahesabika bila kukiazima kipimo kingine usahihi. Ila utepe unajumlisha: unakuambia nishati iliyokwisha kufika, na ili upate wati inabidi uangalie jinsi mstari unavyopanda, kazi ambayo huzidisha kila kelele ndogo. Basi wanachofanya ni kuchukua umbo la mpigo kutoka kwenye diodi na ukubwa wake kutoka kwenye bolomita. Rekodi nyingi za terawati unazozisoma zimezaliwa kwa ndoa hiyo, na kutokuwa na hakika kwa asilimia 10 hadi 20 ni jambo la kawaida.

Fotoni kali, zaidi ya elektronivolti elfu moja, huachiwa almasi. Kipande kidogo cha almasi kinashikiliwa kati ya volti. Fotoni ikiingia inaachia elektroni na mkondo unapita. Almasi hustahimili mnururisho mkali na majibu yake ni ya kasi sana.

Halafu kuna waya ya kuleta ishara. Katika kebo, ishara husafiri kama sentimita 20 kwa nanosekunde. Ukitaka kulinganisha kilele cha diodi na kilele cha mkondo wa mashine kwa usahihi wa nusu nanosekunde, lazima ujue urefu wa kila kebo kwa sentimita, na kebo ndefu hupoteza makali ya mpigo, hivyo programu inabidi iyarudishe kwa hesabu. Mashine inayomwaga ampea milioni 20 ni kituo kikubwa cha redio pia, inatikisa kila kipande cha metali kilicho jirani, kwa hiyo oskiloskopu zinafungiwa kwenye chumba cha metali. Na zile elektroni zilizotoroka, zenye nishati ya mamilioni ya elektronivolti, zinagonga vyuma na kutoa eksirei kali zisizotoka kwenye mbano kabisa. Zinapenya kuta na kuingia kwenye kipimo kwa mgongoni. Dawa yake ni ya kizamani na nzuri: unaweka kipimo pacha kilichozibwa kwa metali nene, kisichoweza kuona mbano. Kinachosomwa na kipofu huyo unakitoa kwenye kinachosomwa na mwenzake.

Kwa picha, tundu dogo sana kwenye bamba la metali linafanya kazi ya lenzi, na nyuma yake hukaa bamba lenye vijibomba vidogo vinavyowashwa kwa nanosekunde moja kisha vinazimwa. Hiyo ndiyo shata. Lakini hii hupiga picha ya kinachong'aa, na waya zinazoliwa hazing'ai vya kutosha. Kwa hizo Sandia hutumia leza ya Z-Beamlet: inapiga karatasi ya metali pembeni, inazaa eksirei za rangi moja, elektronivolti 1,865 au 6,151, na kivuli cha waya kinachukuliwa kwa fuwele iliyopinda ambayo inaakisi rangi hiyo peke yake. Mng'ao wa Z, ulio mkali mara nyingi zaidi, unakataliwa na fuwele.

Si lazima uwe na duara la mita 33 ili kuingia kwenye fani hii. Katikati ya miaka ya 1980 Sing Lee aliongoza mafunzo huko Kuala Lumpur, chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, ambako wanasayansi wa nchi zinazoendelea walijenga mashine ndogo ya plazma na kurudi nayo nyumbani. Ina kapasita moja ya mikrofaradi 30 inayochajiwa hadi volti 15,000, juli 3,400 hivi, na mkondo wa ampea laki moja na zaidi. Mashine za ukoo huo zimefanya kazi Pakistan, India, Misri, Nigeria na Zimbabwe. Vipimo vyake ni diodi mbili au tatu za silikoni zenye vichujio vya unene tofauti. Kwa uwiano wa majibu yake unakadiria joto la elektroni. Mwanafunzi anaelewa hapo hapo kwamba akikosea unene wa kichujio kwa mikroni chache, joto lake linakwenda na maji.

Upana wa mstari

Jambo linaloudhi zaidi kwenye mbano ni kwamba kipimo kinaweza kuwa sahihi na tafsiri yake ikawa kombo. Uingereza ilijifunza hilo hadharani. Januari 1958 kituo cha Harwell kilitangaza kwamba mashine yake ya ZETA, mbano uliokunjwa kuwa pete, ilikuwa ikitoa nyutroni, na mkuu wake John Cockcroft akasema ana hakika kwa asilimia 90 kwamba zinatokana na muungano wa nyuklia, yaani viini vya atomi kuungana kwa sababu ya joto. Nyutroni zilikuwepo kweli. Basil Rose na wenzake walipopima nishati yake kwa mwelekeo mbalimbali wakaona haifanani pande zote, jambo ambalo plazma yenye joto sawasawa isingeruhusu. Zilitoka kwa ioni chache zilizorushwa mbele na plazma ilipokuwa inakatika-katika. Miezi michache baadaye dai liliondolewa.

Ukurasa wa karibu zaidi ni wa mwaka 2006. Z ilibana waya za chuma cha pua, na fuwele za spektromita zikaonyesha mistari ya chuma na manganizi iliyopanuka sana. Ioni inayokujia hubadilisha kidogo rangi ya fotoni yake, inayokwenda mbali huibadilisha upande mwingine, kwa hiyo mstari ukipanuka unajua ioni zina mwendo mkubwa. Kwa tafsiri ya kawaida upana ule ulikuwa joto la zaidi ya digrii bilioni 2, na Haines alitoa maelezo: miyumbo midogo ya haraka ndani ya plazma huipasha ioni kwa msuguano. Magazeti yalipenda ile bilioni. Lakini upana hauwezi kutenganisha ioni zinazohangaika kila moja kivyake na mafungu ya ioni yanayosafiri pamoja huku na huko. Mwaka 2011 kundi la Taasisi ya Weizmann, Israeli, likipima mbano mdogo wa gesi ya neoni, lilionyesha kwamba sehemu kubwa ya mwendo ulioonekana kwenye mistari ilikuwa ya mafungu, na joto halisi la ioni lilikuwa dogo kuliko upana ulivyodokeza. Neoni kwenye mashine ndogo haifuti chuma kwenye Z. Ila baada ya hapo hakuna mtu makini anayeandika joto la ioni kutokana na upana wa mstari peke yake.

Kuna fumbo la nishati pia. Miligramu nne zikija kwa kilomita 500 kwa sekunde zinabeba nusu megajuli, nayo bolomita ikasoma karibu mbili. Shaka ya kwanza iliangukia bolomita, kama kawaida. Ilipothibitika kwamba vipimo vinakubaliana, ikabidi kukubali kwamba uga wa sumaku unaendelea kufanya kazi juu ya plazma hata baada ya kugongana katikati, ukiiminya na kuivuruga. Namna hasa inavyofanyika bado ina mabishano.

Sandia haikujengewa Z kwa ajili ya udadisi. Marekani iliacha kulipua mabomu ya nyuklia ya majaribio mwaka 1992, na eksirei za mbano ni njia mojawapo ya kujua silaha na vifaa vyake vinastahimili nini. Lakini muda unaobaki kwa sayansi ya wazi umezaa tokeo ambalo kwangu ni la thamani kuliko yote, linalohusu chuma ndani ya jua.

Nishati inayotoka kiini cha jua hupenya tabaka zake kwa shida, na elementi kama chuma, ingawa ni chache, huizuia sana. Wanaastronomia wanategemea hesabu kujua zinazuia kiasi gani. Timu ya Jim Bailey wa Sandia iliweka juu ya mbano wa Z karatasi nyembamba yenye chuma na magnesi, ikiwa imefunika nusu tu ya njia ya mwanga. Eksirei za mbano zinafanya kazi mbili kwa mpigo mmoja: zinaipasha karatasi hadi zaidi ya digrii milioni 2, karibu na hali ya chini ya tabaka la nje linalochemka la jua, kisha zinapita ndani yake hadi kwenye fuwele. Mistari ya magnesi inasema joto na msongamano ni kiasi gani. Nusu isiyofunikwa inasema mwanga ulikuwaje kabla ya kuzuiwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha chuma kinazuia kwa asilimia 30 hadi 400 zaidi ya hesabu, ikitegemea urefu wa wimbi.

Wenye hesabu waliuliza swali ambalo lingeulizwa na yeyote aliyewahi kusikia habari za ZETA: mna hakika si kipimo? Timu ikarudia kwa kromi na nikeli, jirani wa chuma kwa pande zote mbili, kwa vifaa vile vile. Kasoro ya kifaa ingejitokeza kwa zote tatu. Majibu yaliyotoka mwaka 2019 yalikuwa na tofauti na hesabu kwa zote, lakini lile ongezeko la jumla kwenye mawimbi mafupi lilibaki kwa chuma peke yake, na hakuna nadharia iliyotarajia hivyo. Jaribio la namna hiyo hiyo limekuwa likijengwa kwenye leza za National Ignition Facility huko California, kwenye mashine isiyo na waya, isiyo na maji na isiyo na uga wa sumaku wa mbano, ili makosa yake, kama yapo, yasiwe yale yale.